Jirani mpya amefunga njia ya shamba letu kwa seng'enge. Je, haki yetu imekufa?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa korosho katika wilaya ya Tandahimba. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji, kwa sababu huyu mtu tunaishi naye na sitaki maneno.

Shamba ninalolima lilikuwa la mjomba wangu, kaka yake mama. Limezungukwa na mashamba ya watu pande zote, haligusi barabara. Mwaka 1994 mjomba alikubaliana na mzee jirani wa upande wa mashariki apitishe njia katikati ya shamba la huyo mzee hadi barabara ya kwenda ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika. Waliandikishana kwa mkono, na mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo akagonga muhuri. Karatasi ninayo. Inasema hivi: "Nimempa ndugu yangu na wazao wake njia ya kupita katika shamba langu na mizigo yake hadi barabarani, kwa kuwa shamba lake halina pa kutokea. Amenipa mbuzi mmoja na shilingi elfu kumi." Mzee aliweka dole gumba, mjomba akasaini.

Njia ile ilipitwa miaka mingi. Hadi leo inaonekana, mikorosho ya yule mzee imeachia nafasi, na chini kuna mistari miwili ya matairi. Kuanzia 2015 mjomba alianza kuugua, shamba likaingia pori, tukawa hatupiti. Alifariki 2021. Baada ya arobaini, kikao cha ukoo kilisema shamba nilichukue mimi kwa kuwa ndiye niliyemuuguza. Nikalifyeka mwaka 2022, na misimu mitatu iliyofuata nimetoa korosho zangu kwa njia ileile kwa pikipiki ya matairi matatu.

Yule mzee jirani naye amefariki. Mwanawe aliuza shamba mwaka 2020 kwa mtu wa Mtwara mjini. Huyo mnunuzi ametuona tukipita misimu yote na tulikuwa tunasalimiana vizuri. Mwezi uliopita, tulipoanza kupuliza salfa, nikakuta amesimamisha nguzo na seng'enge, na katikati ya njia amechimba mashimo ya miche.

Nilimfuata kwake. Alinijibu kwa utulivu na kwa sababu nyingi. Kwamba waliokubaliana wote wameshakufa. Kwamba hati yake ya kimila haina njia ya mtu. Kwamba miaka saba hatukupita, na akanionyesha mkorosho uliosimama mdomoni mwa njia upande wetu, ambao umeshanipita kimo: "Mngekuwa na haja na njia, mngeuacha huu ukue?" Kwamba mjomba aliwahi kukodi mikorosho ya yule mzee misimu mitatu, kwa hiyo mashamba yote yalikuwa mkononi mwa mtu mmoja na njia ikafutika yenyewe. Tena kwamba TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wamechonga barabara upande wa magharibi, basi tutokee huko. Barabara hiyo kweli ipo, lakini kati yetu na barabara kuna shamba la bibi mmoja. Yeye amesema, "Piteni tu kwa sasa."

Sasa amemwita kaka yangu, amemwahidi shilingi laki nane. Karatasi imeshaandaliwa, inasema familia haina madai yoyote kuhusu njia, leo wala siku zijazo. Kaka anataka tusaini Ijumaa. Anasema njia imeshakufa, bora tupate chochote.

Je, kisheria njia yetu imekufa kweli? Nisaini?

*Mama wa Tandahimba*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumuuguza mjomba.

Ijumaa usisaini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Kati ya yote aliyokuambia jirani, sioni hata moja ambalo peke yake limeua njia yenu. Kitakachoiua ni hiyo karatasi ya laki nane. Haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzako huisha kwa sababu chache zinazojulikana, na iliyo wazi kuliko zote ni mwenye haki mwenyewe kuiachia kwa maandishi. Jirani yako analijua hilo. Mtu haandai laki nane kununua kitu anachoamini kuwa kimeshakufa.

Nichukue hoja zake moja moja, kwa uzito wake na si kwa mpangilio wako.

Kwanza hili la kufa kwa wazee. Mtu akikuambia, "Pita tu hapa kwangu," hiyo ni ruhusa. Ni hisani kati ya watu wawili, anaweza kuiondoa kesho, na akifa au akiuza shamba imekwisha. Haki ya njia ni kitu kingine. Hiyo imefungwa kwenye mashamba yenyewe: moja linapitiwa, lingine linanufaika. Wenyewe wakifa, wakiuza au wakirithisha, haki inabaki palepale na kila anayeingia anaikuta. Kwa hiyo swali si nani amekufa. Swali ni mwaka 1994 kilitolewa kipi, ruhusa au haki.

Hapo karatasi yenu inasema vizuri kuliko karatasi nyingi nilizowahi kuletewa. Imetaja wazao, maana yake wazee hawakuwa wanaangalia maisha yao wawili tu. Imetaja shamba na sababu ya shamba hilo kuhitaji njia. Na mjomba alilipa, mbuzi na elfu kumi. Hisani hailipiwi mbuzi. Jirani anaweza kukugeuzia neno kwamba wewe ni mpwa, si mzao. Mjibu kwamba njia ilitolewa kwa ajili ya shamba, na shamba kwa mila zetu za kusini limekwenda kwa mpwa kama mashamba mengi ya Wamakonde yanavyokwenda. Njia imelifuata.

Udhaifu wa karatasi upo, na lazima uujue kabla hajautaja yeye. Haikusajiliwa popote. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ina sehemu nzima kuhusu haki za namna hii, na inataka zifuate utaratibu wa maandishi na usajili. Lakini sheria hiyo na ndugu yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, zilitungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Wazee wenu walikubaliana miaka saba kabla, kwa utaratibu uliokuwepo kijijini. Haki za kimila zilizokuwepo hazikufutwa kwa kuja kwa sheria hizi. Karatasi yenye muhuri wa kijiji, mistari ya matairi na mashahidi walio hai ni ushahidi mzito mbele ya baraza lolote la ardhi.

Sasa miaka saba ya kutopita. Hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo bure, na hapa ndipo kaka yako amekosea. Kuacha kutumia njia si sawa na kuitupa. Ili haki ihesabike kuwa imetelekezwa, lazima ionekane kwamba mwenyewe alikusudia kuiacha moja kwa moja, yeye na warithi wake. Mtu mgonjwa kitandani hana kusudio hilo. Hakuwa na korosho za kutoa, angepita kupeleka nini?

Majaji wa nchi zinazofuata mfumo wa sheria tulioupokea kutoka Uingereza wamekuwa wakali sana kwenye jambo hili. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la Benn dhidi ya Hardinge, kuhusu njia ambayo haikupitwa kwa miaka 175. Mahakama ikasema haki bado ipo, kwa sababu aliyekuwa nayo hakuhitaji kuitumia muda huo, alikuwa na pa kupita pengine. Uamuzi huo haufungi mabaraza yetu, lakini mawakili na majaji wetu husoma kesi kama hizo pale ambapo za kwetu ni chache. Miaka yenu saba ni midogo mno mbele ya hiyo.

Ila ipo kesi ya upande wa pili, na ndiyo inayofanya mkorosho wenu uwe muhimu. Mwaka 1824, katika shauri la Moore dhidi ya Rawson, mtu alikuwa na haki ya mwanga kupitia madirisha ya ukuta wake. Ukuta ukabomolewa, ukajengwa mwingine usio na dirisha hata moja, ukakaa hivyo zaidi ya miaka kumi. Jirani naye akajenga mbele yake. Baadaye mwenye ukuta akatoboa dirisha na kudai mwanga wake, akashindwa. Hakushindwa kwa sababu ya miaka. Alishindwa kwa sababu kujenga ukuta mtupu ni kitendo kinachosema "sihitaji tena", na jirani alikitegemea akatumia fedha zake.

Jirani yako anataka mkorosho ule uwe ukuta mtupu. Je, uko hivyo? Nenda kauangalie kama fundi, si kama mdai. Mkorosho uliopandwa na mtu hukaa kwenye mstari na wenzake, kwa nafasi ileile. Uliojiotea hutoka popote bibo lilipodondoka au mtoto alipotupia mbegu. Simama chini yake, angalia kushoto na kulia: je, unafuatana na mstari wa mjomba, au umejikalia peke yake? Kama umejiotea, hausemi lolote zaidi ya kwamba shamba lilikuwa pori, jambo ambalo hulikatai. Kama mjomba aliupanda kwa mkono wake mdomoni mwa njia, hapo jirani ana hoja, ingawa hata hiyo inapungua nguvu kwa kuwa mlipita misimu mitatu baadaye naye akiangalia. Upige picha kutoka pande zote. Usiukate. Ukiukata leo, kesho itasemwa umeficha ushahidi.

Kuhusu mashamba kuwa ya mtu mmoja, amechukua kanuni ya kweli akaiweka mahali si pake. Ni kweli kwamba shamba linalopitiwa na shamba linalonufaika yakiwa mali ya mtu mmoja, haki ya njia hukoma, kwa sababu mtu hawezi kujidai mwenyewe. Mjomba angelinunua shamba la yule mzee, njia kama haki ingekwisha siku hiyo, na siku ya kuliuza tena angelazimika kuiandika upya. Lakini mjomba alikodi mikorosho. Sote huku tunajua kukodi mikorosho ni nini: unachukua mazao ya misimu mliyokubaliana kwa fedha uliyotoa, ardhi inabaki kwa mwenyewe. Aliyekodi hageuki mmiliki. Kama yupo mtu anayekumbuka makubaliano yale, au karatasi ya kukodi imebaki kwenye mkoba wa mjomba, itafute. Itakusaidia wewe kuliko yeye.

Barabara ya TARURA ndiyo hoja yake nzuri kuliko zote, na hapa nataka usome polepole.

Kuna njia zinazotokana na dhiki. Shamba limefungiwa, hakuna pa kutokea, basi haki ya kupita inapatikana kwa sababu ya hiyo dhiki. Njia ya namna hiyo huishi pamoja na dhiki yake. Siku shamba likipata pa kutokea pa halali, msingi wake unaondoka nayo inakoma. Na kuna njia zilizotolewa kwa makubaliano. Hizo hazifi kwa sababu tu barabara mpya imepita karibu. Zinakoma pale makubaliano yenyewe yaliposema zikome: muda uliotajwa ukifika, au tukio lililotajwa likitokea.

Yenu ni ipi? Ilitolewa kwa makubaliano, lakini ikataja dhiki: "kwa kuwa shamba lake halina pa kutokea". Jirani akipata wakili mzuri, atasema maneno hayo ni mpaka wa haki, kwamba shamba likipata pa kutokea, njia imekwisha. Mimi nayasoma kama sababu ya kutoa, si kikomo. Wazee wangetaka kikomo wangeandika "hadi barabara itakapopatikana" au "muda wote ambao hana njia". Lakini sikufichi, baraza linaweza kusoma tofauti na mimi, na hapo ndipo kesi yako itakapopiganiwa.

Hata wakisoma kwa upande wake, bado hajashinda. Shamba lenu haligusi barabara mpya. Katikati kuna shamba la bibi, na bibi amesema "piteni tu kwa sasa". Hiyo ni ile ruhusa ya hisani niliyoieleza mwanzo. Bibi akiuza mwakani, akifa, au akikasirika tu, mmefungiwa tena. Shamba linalotoka kwa hisani ya mtu bado halina pa kutokea kisheria. Kwa hiyo nakuomba, na nakuomba sana: usiende kwa bibi kutafuta karatasi ya njia ya kudumu wakati huu. Najua mtu mwema atakushauri hivyo ili kumaliza ugomvi. Ukiipata, umempa jirani wa mashariki ushahidi aliokuwa anaukosa. Maliza kwanza upande mmoja.

Ujue pia kwamba mahakama inaweza kuombwa na mwenye shamba linalopitiwa ibadilishe au ifute haki ya njia iliyopitwa na wakati, kwa mfano mazingira yakibadilika kiasi kwamba njia haimsaidii tena mwenye haki ila inamwumiza tu mwenye shamba. Huo ni mlango halali na jirani angeweza kuupitia. Badala yake amechimba mashimo usiku na mchana. Kufunga njia kwa seng'enge hakuifuti. Kunaizuia tu, na kizuizi kinaondolewa kwa amri.

Hati yake ya kimila sasa. Hati kutokuonyesha njia hakumaanishi njia haipo, lakini sitasema ni jambo dogo. Wakati wa kupima shamba kwa ajili ya hati, majirani huitwa kuonyesha na kukubali mipaka. Nani alisimama kwa niaba ya shamba lenu? Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kuona jalada kwenye masjala ya ardhi. Ardhi ya kijiji haiuzwi gizani kwa mtu wa nje, mauzo yanatakiwa yapite Halmashauri ya Kijiji, kwa hiyo tafuta pia muhtasari wa kikao kilichojadili ombi la mnunuzi. Nimeona mihtasari ambamo muuzaji mwenyewe alitamka, "kuna njia ya fulani." Ukipata sentensi kama hiyo, hoja yake ya kutojua imekwisha. Hata usipoipata, alinunua shamba lenye mistari ya matairi katikati, na misimu mitatu mfululizo amewaona mkipita akanyamaza.

Utasikia kijijini habari ya miaka 20. Ni kweli Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inamtambua mtu aliyetumia njia kwa amani, waziwazi, kama haki yake, bila kukatizwa, kwa miaka 20. Usiegemee huko. Matumizi yenu yalikatika 2015, na wakili wake ataanza hapohapo. Msingi wako ni karatasi ya 1994.

Nikuulize jambo ambalo hukuliandika: njia ile mnapita ninyi tu? Kama watoto wa shule wanakatiza pale, au kina mama wanaipita kwenda kisimani, basi pengine si njia ya familia moja tena, ni njia ya kijiji. Njia ya umma haiuzwi na kaka yako kwa laki nane wala kwa laki themanini, na Serikali ya Kijiji ndiyo ingepaswa kuilinda. Wasomaji wengine wa Mtwara na Lindi wanaopitiwa na mkuza wa bomba la gesi wasichanganye mambo hapa. Mkuza ni haki iliyochukuliwa kwa manufaa ya taifa, haifutwi kwa mazungumzo ya majirani wala kwa nyasi kuota juu yake.

Nakuja kwa kaka. Nani hasa ana mamlaka ya kusaini? Umesema shamba umepewa na kikao cha ukoo. Kikao kina heshima yake, lakini mbele ya sheria mali ya marehemu inasimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Sijaona kwenye barua yako kwamba mmefika huko. Kama hamjafika, kaka hawezi kuiachia njia, na wewe huwezi kuidai barazani kwa jina lako mwenyewe. Kesi nyingi nzuri za mashamba zimetupwa kwa sababu hiyo moja, aliyefungua hakuwa msimamizi. Chukua muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, nenda Mahakama ya Mwanzo, ombeni ateuliwe mtu. Afadhali uwe wewe. Wakati mnasubiri, mwandikie barua mtendaji wa kijiji, nakala kwa jirani, kwamba njia inadaiwa na marehemu ana msimamizi anayeteuliwa. Barua hiyo izuie kila mtu kusema hakujua.

Kaka usimgombeze. Anaona laki nane leo, wewe unaona korosho za miaka. Mpigie hesabu mbele ya wakubwa wa ukoo: shamba lisilo na njia litauzwa kwa bei gani? Na mnunuzi wa kwanza atakayekuja kulitaka kwa bei ya kutupa ni nani?

Seng'enge usiiguse. Ukikata waya au kung'oa nguzo, kesi inageuka ya jinai na mshtakiwa ni wewe. Kwa msimu huu wa kupuliza, pita kwa bibi kwa hisani yake, bila kuandikishana.

Usimamizi ukipatikana, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na angalau watatu ni wanawake. Likishindwa kuwapatanisha, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, na kama halijafanikiwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda mbele. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana, maana bila huo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakupokea kirahisi. Ukikosa fedha za wakili, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wengi wao wanayajua mashamba haya kuliko wakili wa mjini.

Kwenye usuluhishi, njoo na pendekezo mkononi. Jirani ana haki ya kulima shamba lake vizuri, na njia inayokata katikati inamsumbua kweli. Mwambie utakubali njia ihamie pembeni, kwenye mpaka wake wa kusini au kaskazini, kwa upana uleule unaotosha pikipiki ya mizigo. Kuhamisha si kufuta, lakini maneno ya karatasi yawe sahihi. Iandikwe kwamba njia ya 1994 inahamishiwa mahali papya, upana wake kwa mita, inatumiwa na shamba hilo na kila atakayelimiliki, na ya zamani inakoma siku ile mpya itakapokuwa wazi na kupitika, si siku ya kusaini. Isainiwe na msimamizi, na jirani, na mkewe jirani kama shamba ni lao wote wawili, na iingizwe kwenye masjala ya kijiji pamoja na hati zote mbili. Hapo akitaka kukuongezea hizo laki nane kama gharama za kusafisha njia mpya, zipokee na ziandikwe hivyohivyo.

Akikataa, angalia kalenda. Minada ya korosho huanza Oktoba, na gunia lililokwama shambani halisubiri hukumu. Siku unayofungua shauri Baraza la Wilaya, fungua pamoja nalo ombi la zuio la muda, ili seng'enge iondolewe au ufunguliwe upenyo wa kupita na mzigo hadi shauri liishe. Ambatanisha nakala ya karatasi ya 1994, picha za mistari ya matairi kabla mvua haijaifuta, na stakabadhi zako za ghala za misimu mitatu. Peleka kabla ya Septemba kwisha.